Bustani Yetu ya Kando ya Ziwa



Tangu kikundi kilipofanya mkutano kwetu chini ya payoti, hatupiti sokoni bila kuulizwa. Nani aliwachorea ile bustani? Mlimlipa franga ngapi? Mbona hamkujenga ukuta mbele ya ziwa kama wengine? Na kile kisiki cha mwembe, kwa nini mmekiacha hadi njia inakizunguka? Tumeona afadhali tujibu hapa mara moja, maana kila anayetuuliza njiani tunamjibu kipande tu, na kipande cha aibu tunakiruka.

Sisi ni mabinti watatu wa mama mmoja. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeshika kalamu, lakini maneno ni ya wote watatu. Yaya wetu amesoma kila ukurasa na kufuta kila mahali alipoona tumejisifu.

Parseli ni ya marehemu baba, hapa Kalemie, kwenye mteremko unaoanzia barabarani na kuishia majini. Upana wake ni hatua 28, urefu hatua 70 hivi. Baba alikuwa mtu wa reli. Alijenga nyumba ya vyumba vinne katikati ya mteremko, na humo ndimo tulimozaliwa. Mnakumbuka maji ya mwaka 2021. Hayakuja kama mafuriko ya mto, usiku mmoja na kelele. Yalikuja kidole kwa kidole, wiki kwa wiki, mpaka ukashangaa kuona mawimbi yanapiga mahali ulipoanika nguo mwezi uliopita. Yalichukua choo, yakachukua jiko la nje, yakasimama ndani ya chumba cha nyuma. Mama akahamia kwa yaya, kule juu kilimani. Yaliposhuka yaliacha mstari wa rangi ya kahawia ukutani, juu kidogo ya goti. Huo mstari tunaomba muukumbuke, tutaurudia.

Ndugu yetu wa kiume, anayeishi Lubumbashi, alitaka tuuze. Hakuwa na ubaya, alihesabu tu: nyumba ina unyevu, mama hayupo, na kila mmoja ana mji wake. Tulimwomba asiuze. Tulimwambia tuifanye nyumba ya kupumuzikia, watoto wa kwetu wote wakutane humo kila likizo kubwa, walio Lubumbashi, walio Moba, walio Bukavu, wajuane sura kabla hawajaanza kusikia majina yetu kwenye misiba tu. Alikubali, ila kwa sharti moja: pawe pazuri, watoto wake wapende kuja. Ndipo tukaanza kusema habari ya bustani.

Hapa ndipo kosa letu linapoanzia. Tulitafuta picha katika telefone. Hoteli za kando ya bahari, mmeziona: majani mafupi ya kijani kama mkeka, njia nyeupe iliyonyooka hadi majini, mitende isiyozaa kitu, viti viwili vinavyotazama maji. Tuligundisha karatasi nne za daftari tukachora vilevile. Pesa ya likelemba ilipotufikia mwaka 2022, tukanunua simenti ya njia na majani ya pasipalumu ya kupanda. Na kwa kuwa njia ya kwenye picha imenyooka, na mwembe wa zamani ulikuwa umesimama palepale inapotakiwa kupita, tukauondoa mwembe.

Tujitetee kidogo. Ule mti ulikuwa umesimama majini miezi mingi. Mizizi ilioza, majani yakaanguka, tawi moja tu upande wa nyumba lilikuwa bado na uhai. Tuliita watu wa makala, wakaukata siku mbili, wakatupatia magunia sita. Hatukumuuliza mama. Tulisema atafurahi atakapoona pamesafishwa.

Mama alikuja baada ya wiki tatu. Alisimama mlangoni mwa parseli, akauliza neno moja: "Mwembe uko wapi?" Tukaanza kumweleza habari ya njia. Hakungoja tumalize. Alitoka, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, mgongo kwetu, mpaka pikipiki ikampeleka. Miezi minne hakurudi. Kwa yaya alikula, alisali, alicheka na wajukuu, lakini ukitaja kando ya ziwa alikuwa kama mtu asiyesikia.

Mama mdogo ndiye aliyetuambia. Chini ya mwembe ule vilizikwa vitovu vyetu vyote vinne. Na kabla ya vitovu vyetu alizikwa pale mtoto wa kwanza wa mama, aliyezaliwa bila kulia. Mwembe ulipandwa juu yake. Sisi, watu wazima wenye watoto, hatukuwahi kujua kwamba tulikuwa na mkubwa mwingine. Na ndio huo mti tuliouza magunia sita.

Tulikwenda kwa mama na kitenge na sukari, tukapiga magoti, hata yaya ambaye magoti yake yanauma. Mama alitutazama sana. Kisha akasema: "Kesho mnipeleke. Asubuhi, si jioni. Na mje na kamba."

Basi, mnapouliza nani alichora bustani, jibu ni hilo. Ni mama, mwenye fimbo yake, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao tulichokuwa tunakihamisha kila alipotuonyesha. Mwalimu kati yetu alikuwa anaandika tu.

Jambo la kwanza alilouliza ni hili: "Maji yalifika wapi?" Tukamwonyesha mstari wa ukutani. Akasema mstari wa ukutani haumsaidii mtu anayepanda miti. Tuushushe chini, katika parseli yote. Kwa hiyo tukamwita fundi mwashi na tiyo lake la plastiki linaloonyesha ndani. Wamama, hili ni jambo ambalo kila mwenye parseli ya mteremko anaweza kulifanya bila kusoma sana. Unajaza tiyo maji, unahakikisha hakuna povu ndani. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye alama ya ukutani, mwingine anatembea na ncha nyingine. Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja siku zote. Pale ambapo maji ya ncha yako yanagusana na udongo, hapo ndipo ziwa lilipofika, unapiga kigingi. Watoto walipiga vigingi kumi na viwili, tukavifunga kamba. Tulishangaa sote. Mstari haukuwa umenyooka kabisa. Upande mmoja ulipanda karibu na nyumba, upande mwingine ulishuka mbali, kwa sababu udongo una mgongo wake ambao macho hayauoni.

Mama akasema tuongeze ngazi moja juu ya mstari ule. Fundi akacheka, akasema maji ya 2021 ndiyo ya mwisho. Mama akamjibu kwamba yeye alikuwa msichana maji yalipopanda miaka ya 1960, na wakati ule pia walisema ni ya mwisho. Mwalimu wetu naye akaongeza yale tunayofundisha watoto: mito mingi inaingia katika Tanganyika, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, hapa kwetu. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta Lukuga umezibwa na mchanga na majani. Miaka michache baadaye ukafunguka, na ziwa likashuka mita kadhaa. Kwa hiyo ufuko tunaouita wetu umekuwa ukienda na kurudi kabla ya babu zetu. Fundi hakujibu kitu, akaongeza ngazi.

Parseli ikawa vipande vitatu.

Kipande cha chini mama alikiita cha ziwa. Humo hatuweki kitu ambacho kikichukuliwa tutalia. Hakuna simenti, hakuna mti wa matunda, hakuna choo wala shimo la takataka. Upande wa kusini tumeacha matete yaliyoota yenyewe, kwa sababu yanavunja nguvu ya wimbi. Upande wa kaskazini tumesafisha kabisa, mchanga mtupu mpaka majini, hapo ndipo watoto wanapooga. Msichanganye mambo haya mawili. Konokono za kichocho hukaa kwenye majani ya majini, na mamba naye anapenda mahali pa kujificha. Mahali pa kuogea pawe peupe. Kuanzia mwezi wa sita ziwa linaposhuka, linaacha udongo wenye unyevu, na hapo tunapanda lenga-lenga na matembele. Tunakula mpaka mvua zinapoanza, kisha tunalirudishia ziwa sehemu yake. Hatunyweshi hata ndoo moja. Ukilinganisha na yale majani ya pasipalumu yaliyokuwa yanataka ndoo thelathini kila jioni na bado yakakauka mwezi wa saba, utajua picha za telefone zilichorwa na mtu asiyechota maji.

Kipande cha kati ndicho tulichokifanyia kazi kuliko vyote. Ni mteremko wenyewe, na mvua ya barabarani hupita humo ikibeba udongo. Tulipanda mistari mitatu ya vetiva, ikifuata kamba ya vigingi, si kuteremka bali kukata mteremko. Vetiva ni majani marefu kama mchaichai, ila hayanukii juu, harufu iko kwenye mizizi, na mizizi inakwenda chini hata mita 3. Unapasua shina lake kubwa, unapata vipande vyenye mizizi midogo, unavipanda mwanzo wa mvua, kiganja kimoja kati ya kipande na kipande. Ukiacha nafasi kubwa umepoteza kazi, maji yatapita katikati. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula majani machanga, ikabidi watoto wakae zamu na fimbo. Mwaka wa pili fundo zilikutana, na nyuma ya kila mstari udongo ulianza kujaa wenyewe, kama ngazi. Kati ya mistari tuliweka mananasi, mchaichai, na sombe ya kutosha.

Juu ndipo wanapoishi watu. Choo kiko huko, mwisho kabisa karibu na barabara, mbali na ziwa kadiri parseli inavyoruhusu. Mji wetu unajua kipindupindu, hatuna haja ya kueleza zaidi. Migomba iko kando ya bafu, inakunywa maji ya kuogea. Kamba ya nguo mama aliipanga kabla ya ua hata moja, na upande wake ulikuwa na sababu: wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini, ukilitazama ziwa uko mkono wako wa kuume, na jiko lisikae juu ya upepo, la sivyo nguo na watu vyote vinanuka moshi. Minyaa ya zamani ya uzio tuliing'oa yote mahali watoto wanapochezea. Maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari, na mtoto akiona jani linatoa maziwa hawezi kuacha kulivunja. Tukapanda ibiskusi. Yaya alitaka na bugenvilia, tukampa ukuta wa choo, na kwa kweli sasa ndicho choo kizuri kuliko vyote katika kartie yetu.

Upande wa kusini tulipanda safu mbili za miti ya kupunguza upepo, mandarina mbele, nimu nyuma. Ndugu yetu alikuwa ametaka ukuta wa matofali hapo. Ukuta unausimamisha upepo, nao unaruka juu na kuangukia nyuma yake kwa hasira, unazungusha mchanga uani. Miti inauchuja.

Sasa tufike kwenye payoti, ambayo mliisifu sana. Haikuwa pale mlipoikuta.

Ndugu yetu alikuja likizo ya 2023, akafurahi, na kwa pesa yake akajenga payoti katikati kabisa, mbele ya jiko, mahali penye kuona ziwa vizuri. Ilikuwa nzuri. Tulikula chini yake siku ya kwanza. Siku ya tatu, saa kumi hivi, tulikuwa watu wazima kumi na mmoja katika parseli. Wanaume walikuwa ndani ya payoti. Sisi tulikuwa jikoni, tunaona mgongo wa payoti na mikeka iliyoning'inizwa kukinga jua. Mtoto wa mdogo wetu, wa miaka mitatu, aliteremka kando. Hakulia, hakuita. Binti wa miaka kumi aliyekwenda kuchuma matembele ndiye aliyemwona, maji yamemfika kifuani, anamfuata bata. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma na mawimbi yalikuwa ya kiangazi, mnayajua.

Alimvuta mkono, akamrudisha. Hakuna kilichotokea. Lakini mama yake alitapika nyuma ya nyumba, na usiku ule hakuna aliyekula.

Asubuhi mama yetu aliagiza kiti chake kiwekwe jikoni, mahali anapokaa anayepika. Akaketi. Akamwita ndugu yetu, akamkalisha kwenye kiti kilekile. "Unaona maji?" Ndugu yetu akasema haoni. Mama hakuongeza neno. Siku ileile wanaume waling'oa nguzo nne, wakaihamisha payoti pembeni, chini ya nimu, pale mlipoikuta. Tangu siku ile hatupandi kitu chochote kinachopita kiuno kati ya jiko na mahali pa kuogea. Mtu akituletea mche, hata kama ni zawadi, kwanza anayepika anaketi kwenye kiti, mwingine anasimama na fimbo ya kimo ambacho mti utafikia. Ukificha maji, unakwenda mahali pengine.

Kati ya yote tuliyoyafanya, wamama, hilo ndilo tungependa mlichukue hata kama hamna parseli ya ziwani. Kuna mto, kuna kisima, kuna barabara ya malori. Ketini mnapopikia, mtazame.

Mwaka 2024 ziwa lilirudi. Wengi wenu mlihama nyumba zenu, hatuna maneno ya kuyasimulia yenu. Kwetu maji yalipita alama ya 2021 kwa kiganja kimoja na zaidi. Ile ngazi ambayo fundi aliicheka ndiyo iliyookoa jiko na miche ya mandarina. Mstari wa kwanza wa vetiva ulikaa majini, wa pili ulilowa, na udongo nyuma yake ulibaki. Mahali pamoja tu palibomoka, pale watoto walipokuwa wamejifanyia njia ya mkato na kukanyaga vetiva mpaka ikafa. Tumepapanda upya, na njia ya mkato tumewaachia, ila tumeipindisha. Kuhusu ukuta mbele ya ziwa, jibu letu ni kwamba mawimbi hayausukumi ukuta. Yanaupiga, yanarudi chini, yanachimba mchanga chini yake, mpaka ukuta unaanguka wenyewe kifudifudi. Tuliona mmoja ukianguka namna hiyo, si mbali na kwetu, na simenti yake yote iko majini sasa, inakata miguu ya watoto.

Kisiki kiko katika kipande cha ziwa. Maji ya 2024 yalikifunika. Mama alikuwa anakuja kila siku ya posho, anaketi jikoni, anatazama mahali kilipo, mpaka kilipoonekana tena mwezi wa saba. Hakijachipua, msifikiri tunaandika hadithi. Ni kisiki. Simenti ya njia iliyonyooka tuliivunja kwa nyundo, siku mbili za kazi kwa kila siku moja tuliyoijenga, na njia sasa inakizunguka. Watoto wanajua kwamba hawakai juu yake, na wale wakubwa wanajua kwa nini.

Mwembe mpya uko juu, nyuma ya kigingi cha sita. Ulitoka kwa mama mdogo, ambaye wa kwake ulitoka katika kokwa la mwembe ule wa kwanza. Mama ndiye aliyechagua shimo. Una kimo cha mtoto wa darasa la pili, na chini yake tayari kuna vitovu viwili. Kwa kuwa utakua mkubwa, tuliupima kwa kiti na fimbo kama mingine yote, na mama hakujihurumia: mahali alipopataka kwanza palificha maji, akasogea hatua nne.

Bado hatujapatana juu ya taa. Ndugu yetu anataka taa za jua kwenye njia yote, yaya anasema zitaleta wadudu mezani. Likizo kubwa ijayo wataendelea.

Kuhusu pesa: mbali na payoti, na tukiacha simenti tuliyoivunja, tulitumia dola 140 kwa miaka miwili, nyingi zikiwa za fundi, miche na chakula cha waliotusaidia. Vetiva hatukununua, tulipewa. Kwa hiyo mama yeyote wa kikundi anayetaka vipande vya kupanda, mvua za kwanza zikianza, aje siku ya posho asubuhi na gunia lake na jembe lake. Tutapasua pamoja. Mama atakuwa jikoni, kwenye kiti, na atakuuliza kwanza maji ya kwako yanapita wapi, basi uwe umekwenda kutazama kabla hujaja.